Pointi Sabini na Nane za Moïse

Goma, Kyeshero, tarehe 14 Oktoba 2023

Papa mukubwa Ruffin,

Nakusalimu wewe na mama mukubwa Mukakalisa, na wote munaolala chini ya paa lenu hapo Bunagana. Sisi tuko wazima. Mama Séraphine anasumbuliwa na goti, lakini ukimuitia pikipiki ya kumupeleka kanisani anakasirika. Ameniambia nikuandikie kwamba maharagwe yalifika yote, na kwamba yalipikwa siku ileile kabla majirani hawajasikia.

Barua hii naikabidhi Mama Chance, yule jirani yetu anayeuza vitenge. Atapita Gisenyi, azunguke kwa nchi za jirani mpaka Kisoro, ndipo aingie kwenu. Barabara ya Rutshuru imefungwa na vita, unavyojua. Ningepiga simu, lakini rezo ya kwenu inakata kila sentensi, na leo nina maneno ambayo sitaki yakatwe katikati.

Wamenipa kazi mpya shuleni. Unajua kwetu tunafundisha umeme, mekanika na ushonaji. Shirika linalotusaidia linataka kutuletea mashine za atelier, yaani karakana, na vitabu vya mashine zile vyote ni vya Kiingereza. Kabla ya kuzileta, linataka kujua kama Kiingereza tunachofundisha ni Kiingereza kweli. Kila shule ya ufundi imeombwa kuchagua mwalimu mumoja wa kusimamia ubora: aingie madarasani, apime wanafunzi, alinganishe na pointi za bulletin, ile karatasi ya matokeo, halafu aandike ripoti kwa tume yao mwishoni mwa Aprili. Prefe Julien, mukubwa wa shule, alinichagua mimi. Nilifurahi siku mbili.

Siku ya tatu alikuja Moïse.

Alisoma umeme kwetu. Alisimama kwenye mulango wa chumba cha walimu, akaniuliza: "Madame, unanikumbuka?" Nilimukumbuka kwa sura. Mukono wake wa kuume ulikuwa umefungwa bandeji, na pale vidole viwili vilipaswa kuwa, bandeji ilikuwa tambarare. Alikuwa amepata kazi ya kufunga umeme kwenye kituo cha afya Kanyaruchinya, karibu na kambi ya waliokimbia vita. Kulikuwa na sanduku la umeme lenye karatasi ya onyo ya Kiingereza; aliisoma, akalifungua, umeme ukamushika. Baadaye, alipotoka hospitali, alirudi pale na kuandika yale maneno kwenye kipande cha karto, kwa mukono wa kushoto, akaniletea.

Akaweka kidole juu ya neno moja. LIVE.

"Madame, hii si ile ya 'I live in Goma'? Mimi nilizania wanasema kuishi. Nikajiuliza, nani anaishi ndani ya sanduku?"

Alicheka. Mimi sikuweza. Nilimwambia kwamba kwenye umeme neno lile maana yake waya una moto, usiguse. Aliitikia kwa kichwa kama mutu aliyeambiwa ni saa ngapi.

"Na mimi kwa Kiingereza nilikuwa na soixante-dix-huit," akasema. Sabini na nane juu ya mia.

Papa mukubwa, wewe ulikuwa inspecteur wa Kiingereza miaka kumi na tisa. Niambie: mukaguzi anajuaje kama pointi ni ya kweli?

Mutoto wako,
Joyeuse Umwiza


Bunagana, tarehe 19 Novemba 2023

Joyeuse mwanangu,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembeni, lakini yote ilisomeka. Mama mukubwa wako anakusalimu. Presha yake ilipanda wiki iliyopita, tukamuvusha Kisoro kwa muganga, sasa anakula bila chumvi na kumulaumu kila mutu. Hapa mvua haitulii. Malori yamejipanga tangu duane ya mupaka, pale forodha, mpaka karibu na kanisa, na madereva wanapika chai chini ya matela kama watu waliohamia. Viazi vimekubali mwaka huu.

Nimefurahi kwa kazi waliyokupa. Baba yako Paulin angelifurahi kuliko mimi. Usiogope. Nitakufundisha nilichojifunza.

Usianze na mwalimu. Mwalimu anayejua unakuja ana maandalio mazuri siku zote. Ingia bila kutangaza, kaa benchi la mwisho, uombe daftari la mwanafunzi aliyekaa pembeni yako. Daftari lile halijui kusema uongo: utaona tarehe zinavyorukana, utaona kama kuna somo ao kuna michoro ya mupira. Pili, usiwapime kwa walichokariri. Chukua karatasi zinazobandikwa kwenye mashine, chukua bati la dawa ya kusafishia injini, uwaulize: hapa wanakuambia ufanye nini? Mufundi hahitaji kujua kuimba verbes, vile vitenzi. Anahitaji kujua kitu gani kitamuua. Tatu, andika namba uliyoiona siku ileile, kabla hujanywa chai na prefe.

Kuhusu huyo kijana Moïse, nimesikitika sana. Lakini katika barua yako hukuniambia alimaliza mwaka gani, wala nani alimufundisha. Mukaguzi anaanzia hapo.

Umusalimu Séraphine. Mwambie goti linataka majani ya moto, halitaki kiburi.

Papa mukubwa wako,
Ruffin Nzabonimpa


Goma, tarehe 11 Desemba 2023

Papa mukubwa,

Tunakutakia wewe na mama mukubwa Noeli ya amani. Mama alifanya ya majani, goti limepungua, lakini anasema ni sala iliyoponya. Mama Chance anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo naandika haraka nikiwa shuleni, kati ya somo na somo.

Nilifuata maneno yako. Nilikaa benchi la mwisho katika madarasa yote ya finaliste, wa mwaka wa mwisho. Nilikusanya karatasi za maonyo kutoka kwenye betri, pampu na mashine za kushona, nikazipanga juu ya meza. Wanafunzi arobaini na mumoja walipita mumoja mumoja. Sita tu ndio waliweza kuniambia karatasi inakataza nini. Mumoja alinisomea onyo zima kwa sauti nzuri sana, kama padri, halafu nilipomuuliza maana yake akasema: "Madame, maana yake hatukuipata." Bulletin za wote arobaini na mumoja zina pointi zaidi ya sitini.

Niliandika namba zile kabla ya chai. Prefe Julien alizisoma amesimama. Hakuniuliza nilizipataje. Aliniuliza: "Nani mwingine ameona hii?"

Sasa kuna jambo lingine. Tume inataka pia ripoti za ukaguzi za miaka ya nyuma, zote zilizobaki kwenye archive. Nilizitafuta kwenye kabati la juu. Chini kabisa nilikuta tatu za 2012, 2013 na 2014. Mwalimu aliyekaguliwa: Niyibizi Paulin. Mukaguzi: wewe.

Nilifurahi kuona mwandiko wako na jina la baba pamoja. Nilikaa chini kuzisoma kama mutu anayesoma barua za nyumbani. Ile ya mwisho inasema umekaa darasani kwake masaa mawili, kwamba anafundisha kwa bidii na sauti yake inafika mpaka nyuma. Tarehe yake ni 6 Machi 2014.

Papa mukubwa, Machi ile nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa amelazwa kwa figo tangu Januari. Mimi ndiye nilikuwa nikimushikia beseni. Alikufa Mei bila kurudi nyumbani.

Ulikuwa wapi tarehe 6 Machi? Labda ni makosa ya tarehe. Nakuomba uniambie ni makosa ya tarehe.

Joyeuse


Bunagana, tarehe 21 Januari 2024

Joyeuse,

Heri ya mwaka mupya kwenu wote. Noeli tuliipitisha salama. Ng'ombe yule mweusi alizaa siku ya Epifania, ndama jike. Mama mukubwa wako presha imeshuka. Nakutumia na Mama Chance ndoo moja ya siagi. Musiifungue kwenye jua.

Kuhusu yale makaratasi ya zamani: kazi yako ni ya mwaka huu. Wino wa kale ukisomwa na macho ya leo unaleta ugomvi bure. Waliokuwepo wengine wamekufa, wengine wamezeeka. Yarudishe kabatini.

Wewe pia kuna swali nilikuuliza na hukunijibu.

Imana ikurinde, Mungu akulinde.

Ruffin


Goma, tarehe 25 Februari 2024

Papa mukubwa,

Nakusalimu. Siagi ilifika, asante. Mama hajaila.

Najua munasikia habari zetu kwa radio. Tangu mapigano yalipokaribia Sake, muji umejaa watu mpaka mifereji. Bei ya viazi imepanda karibu mara mbili, maana barabara ya Masisi imefungwa. Madarasa mawili ya shule yetu yanalala familia kumi na tatu. Tunafundisha ushonaji chini ya veranda. Kuna siku mabomu yanasikika wakati nauliza swali, na wanafunzi wanahesabu milipuko, halafu mumoja ananijibu lile swali kana kwamba hakuna kitu. Nimeacha kuwauliza kama wanaogopa. Mimi mwenyewe nikisikia mulango wa bati ukigongwa nainama kabla sijafikiri.

Juzi Prefe Julien aliniita ofisini. Alifunga mulango yeye mwenyewe.

"Madame Joyeuse," akasema, "unajua ni wanafunzi wangapi wanaotoka kambini Kanyaruchinya?"

"Arobaini."

"Nani anawalipia?"

"Shirika."

"Basi. Ripoti yako ikisema hatufai, shirika litafunga mufuko. Wale arobaini watarudi kukaa mbele ya hema. Andika kiwango ni cha kuridhisha. Mwaka kesho tutarekebisha polepole."

Nilimuuliza: "Na wakishika waya?"

Hakukasirika, Papa mukubwa. Ingelikuwa rahisi kama angelikasirika. Alitazama dirishani, akaniambia: "Wewe fikiri kwanza. Na fikiri vizuri juu ya majina yaliyo kwenye yale makaratasi ya zamani, maana tume ikiyataka, nitayatoa yote."

Kwa hiyo ameyaona. Nilikuwa nimeyaficha chini ya madaftari yangu shuleni; kopi niliyoipeleka nyumbani, mama pia aliiona alipokuwa akifagia. Alisoma jina la baba, akasoma tarehe. Akanirudishia. Wakati wa kula ndipo aliniuliza: "Joyeuse, unataka kumuzika baba yako mara ngapi?"

Nimekuuliza mara ya kwanza ukanyamaza. Hii ni ya pili. Sitauliza ya tatu. Usiponiambia wewe, nitaandika ninachokijua, na ninachokijua ni kibaya kuliko ukweli, labda. Silali vizuri. Nikisoma ile ripoti yako nasikia sauti ya baba inayofika mpaka nyuma ya darasa, na ile sauti haikuwepo. Mwezi wa Machi hakuweza hata kuita maji.

Joyeuse


Bunagana, tarehe 30 Machi 2024

Joyeuse mwanangu,

Barua yako nimeipata siku tano zilizopita. Mama Chance alikaa Kisoro wiki mbili akingojea karatasi ya kuvuka. Hapa tuko, kesho ni Pasaka, mama mukubwa wako ameenda kupamba kanisa. Nimebaki peke yangu mezani na sina mutu wa kunisaidia kuchelewesha.

Si makosa ya tarehe.

Tarehe 6 Machi nilikuwa hospitalini. Ulinipita kwenye koridor ukiwa na beseni, lakini hukuniona kwa sababu niliugeukia ukuta. Fomu ya ukaguzi ilikuwa ndani ya koti langu. Prefe wa wakati ule, si huyu Julien, alikuwa amekwisha kuigonga muhuri. Niliijaza juu ya goti, kwenye benchi, nje ya chumba cha baba yako. Nilipoandika kwamba sauti yake inafika nyuma, nilikuwa namusikia akiugua nyuma ya ukuta.

Ugonjwa wake ulianza 2012, unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka shule saa nne asubuhi na kulala. Aliniambia: "Kaka, wakijua nimelala wataweka mwingine, na Joyeuse ataachia masomo njiani." Nilikuwa na kalamu moja na mudogo wangu mumoja. Niliandika. Miezi kumi na tisa lile darasa halikupata mwalimu wa Kiingereza. Wanafunzi walipewa pointi. Nani alizitoa, sikuuliza. Mama yako alijua. Usimuhukumu, ni mimi niliyeshika kalamu.

Ningeweza kuishia hapa, ukanihurumia. Lakini umenifundisha kwa maswali yako, kwa hiyo nitamaliza. Baada ya Paulin kufa, nilijaza zingine. Barabara ilikuwa mbaya, ao mvua, ao prefe alikuwa rafiki na alikuwa amechinja kuku. Shule saba, labda nane. Ya baba yako naweza kusema ni upendo. Zile zingine hazina jina hilo. Mukono ukishajua kwamba unaweza kuandika darasa bila kuliona, miguu inakuwa mizito. Na walimu wakaona kwamba mukaguzi haingii, nao wakaacha kuingia. Sisi tulioitwa walinzi wa ubora ndio tuliofungua mulango, halafu tukastaafu na kupewa diplôme d'honneur, cheti cha heshima. Yangu iko ukutani hapa. Leo asubuhi niliigeuza.

Andika jina langu. Usilifunike na maneno ya heshima.

Kuhusu Moïse sitakuuliza tena. Wewe unajua kwa nini nilikuuliza. Mutu aliyefanya jambo analitambua kwa mwenzake hata likiwa limefichwa vizuri.

Papa mukubwa wako,
Ruffin


Goma, tarehe 28 Aprili 2024

Papa mukubwa,

Kwanza mama mukubwa apone, na ndama akue. Mama yuko. Tunasalimiana asubuhi na jioni, basi. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kupasuka.

Aliyemupa Moïse sabini na nane ni mimi.

Alimaliza 2021. Unakumbuka Mei ile volkano ilipotoka, na siku tano baadaye wakatuambia tuhame. Tulikimbilia Sake, mama na mimi, tukalala kwenye kanisa na watu mia tatu. Tuliporudi, prefe alitaka pointi za semestre ya pili kwa siku mbili. Mimi sikuwa nimepitisha mutihani. Ningeweza kusema hapana, ningeweza kuomba wiki moja. Wanafunzi walikuwa wamerudi wengi, walikuwa wanapita barabarani nikiwaona. Nilikaa na liste, nikakumbuka sura. Huyu ananyamaza, hamsini na tano. Huyu ni mutani, sitini. Moïse alikuwa akifuta ubao bila kuombwa. Nikaandika sabini na nane.

Mwaka uliofuata volkano haikutoka, na bado kuna pointi nilizozitoa kichwani. Kwa hiyo naelewa uliposema juu ya miguu.

Alipokuja na ile karto, hakuja kulaumu. Alikuja kwa sababu aliamini kweli kwamba alijua Kiingereza, na alitaka nimuonyeshe kosa lilikuwa wapi. Tangu Oktoba natembea na jambo hilo. Nilikuandikia "alisoma kwetu" mahali pa "nilimufundisha mimi," nikatumaini hutaona.

Sasa ripoti imeisha. Ina kurasa kumi na nne. Nimeandika matokeo ya wale arobaini na mumoja. Nimeandika kwamba programu yetu inafundisha "I live in Goma" na haifundishi neno lilelile likiwa kwenye waya. Nimeandika kwamba pointi za miaka kadhaa hazikupimwa, na jina la kwanza kwenye ukurasa huo ni langu, na mwaka, na darasa. La pili ni lako. Jina la baba nimeliandika mara moja tu, pamoja na ugonjwa wake.

Nilimupelekea Prefe Julien Ijumaa. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Umejimaliza mwenyewe," akasema. "Na mimi pia. Wale arobaini utawaambia nini?"

Nilisema: "Nitawaambia kwamba kwa mara ya kwanza mutu aliwapima."

"Hiyo hailiwi, madame."

Ni kweli, hailiwi. Alikataa kugonga muhuri. Jumanne nitaipeleka kwenye ofisi ya tume mimi mwenyewe, bila muhuri. Naogopa sana, Papa mukubwa. Naogopa wale watoto wa kambini wakifukuzwa watajua ni kwa sababu ya nani. Niombee, na usinijibu kwamba nimefanya vizuri. Sijui bado.

Joyeuse


Bunagana, tarehe 2 Juni 2024

Joyeuse mwanangu,

Wiki tano hakuna neno kutoka kwako. Mama Chance amekuja jana bila barua. Anasema alipita kwenu akakuta mulango umefungwa, na kwamba kwenye soko la Virunga wanasema madame wa Kiingereza amefukuzwa. Mwingine alimwambia umekamatwa. Mama mukubwa wako presha imepanda tena, na safari hii si chumvi. Nilipanda kile kilima cha nyuma ambako simu inashika, nikakuita mara kumi na moja. Inaita, haipokelewi.

Mimi nilienda Kisoro tarehe 10 Mei. Niliandika maungamo yangu kwa tume kwa Kifaransa safi, kurasa tatu, pamoja na majina ya zile shule zingine kadiri ninavyokumbuka, nikayatuma na bus. Nimeacha pia uongozi wa kamati ya shule ya parokia. Padri aliniuliza sababu, nikamwambia. Akaniuliza kama nitaendelea kuimba kwaya. Nikamwambia hilo aulize waimbaji.

Kama umefukuzwa, njoo kwetu. Kama umekamatwa, mwambie Séraphine anitumie neno kwa mutu yeyote, nitakuja kwa njia ya Gisenyi, hata kama ni kwa miguu. Usinifiche, mama. Tumefichana vya kutosha.

Ruffin


Goma, tarehe 7 Julai 2024

Papa mukubwa,

Unisamehe. Sikukamatwa wala sikufukuzwa. Simu iliibiwa kwenye soko, na Mama Chance alipopita tulikuwa kwa muganga kwa lile goti la mama. Barua niliyokuandikia Mei nilimupa mutu mwingine wa Kisoro, naona hakufika. Mwambie mama mukubwa ashushe presha, niko hapa, nakula, nafundisha.

Tume ilikuja tarehe 20 Mei, watu watatu. Walikaa siku nne. Waliingia madarasani bila kutangaza, wakawapima upya wale arobaini na mumoja kwa karatasi zao wenyewe. Walipata saba waliofaulu. Mimi nilikuwa nimepata sita. Mukubwa wao, mama mumoja wa makamo, aliniambia: "Tofauti ni mumoja. Katika shule zingine tofauti ni darasa zima." Maungamo yako yalikuwa mukononi mwake. Aliniuliza kama tulipanga pamoja. Nikasema ndiyo, kwa barua, na kwamba ilituchukua miezi sita kuambiana ukweli.

Uamuzi ulitoka wiki iliyopita. Mashine hazitakuja mwaka huu. Wanafunzi wa kambini watabaki, shirika litaendelea kuwalipia, kwa masharti kwamba wote wasome Kiingereza cha ufundi upya, kila Jumatatu, na kupimwa na mutu wa nje. Prefe Julien amehamishwa. Mimi nimepewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye kazi ya ubora. Nitafundisha, lakini kila mwezi mutu atakaa kwenye benchi langu la mwisho. Walimu wawili hawanisalimu tena. Naelewa.

Mama alikaa wiki tatu bila kula nami. Halafu Jumapili moja, tulipotoka misa, aliniomba nimusomee barua yako ya Pasaka kwa sauti. Nilimusomea yote. Mahali pa benchi na goti alilia. Nilipomaliza alipangusa macho na kitenge, akasema: "Mimi ningelifanya tena. Ilikuwa ni kwa ajili yako. Lakini ulichofanya sasa, sikukatazi." Ile jioni alifungua siagi yako. Ilikuwa imeharibika kabisa, tukaitupa tukicheka kidogo.

Moïse nilimutafuta mwenyewe. Anakaa na dada yake Kanyaruchinya, anatengeneza radio kwa mukono wa kushoto. Nilimwambia: "Ile sabini na nane sikukupima. Niliitoa kichwani." Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno ambalo angeniambia.

Aliweka bisibisi chini.

"Basi yangu ya kweli ni ngapi?"

Nilimwambia sijui. Akasema: "Si unipime."

Sikuwa na karatasi ya mutihani. Tulitumia maonyo yaliyo kwenye masanduku ya radio na betri za dada yake, na mengine niliyaandika kwenye daftari. Alijibu kwa kinywa, mengine kwa mukono wa kushoto, na hakuna aliyetusumbua isipokuwa mutu mumoja aliyekuja kuchukua radio yake na akaambiwa angoje. Ilichukua saa moja na nusu. Nilihesabu mara mbili, maana sikutaka kukosea kwa upande wowote.

Alipata thelathini na moja.

Niliandika namba chini ya karatasi, nikaweka saini na tarehe. Aliitazama, akaisogeza kwenye mwanga wa mulango.

"Hii ni yangu kweli?"

"Ni yako."

Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mufuko wa shati, akafunga kifungo. Halafu akaniuliza lile darasa jipya la Jumatatu, alilosikia kwa wanafunzi wa kambini, linaanza saa ngapi.

Nimemwambia saa mbili.

Mutoto wako,
Joyeuse